Huduma ya kurudisha sindano za sukari Mabatini, Mwanza: vijana wako vizuri, wakubwa wao ndo wajitahidi

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaeleza huko chini kwanini, ila kama una mgonjwa wa sukari anayejichoma insulini nyumbani hapa Mwanza, hasa nyie wa Mabatini, Igogo na vilima vyote ambavyo nyumba zimekaa juu ya mawe, we soma tu maana hii inakuhusu moja kwa moja. Ni zahanati ya binafsi, ndogo, jina siandiki kwa sababu nina lawama zangu na sitaki mtu aje kunitafuta, ila ukifika Mabatini ulizia vijana wa ndoo, hata muuza chipsi atakuelekeza.

Huduma yenyewe ni hivi, unapewa boksi gumu la kutupia sindano, lile la njano linaloitwa sefti boksi, unakaa nalo nyumbani, likikaribia kujaa wanakuja kulichukua au unalishusha mwenyewe, unapewa jingine. Gharama ni buku kwa kila boksi jipya, na ukisema huna hawakurudishi. Wanaoendesha ni vijana, wapo wa mtaani hapohapo waliomaliza fom foo wakawa wanashinda kijiweni, na wapo wa vyuo vya afya ambao wako fildi.

Sasa kwanini mtu mzima akae aandike rivyu ya boksi la taka. Mama yangu ana sukari miaka mingi, anachoma asubuhi na jioni, piga hesabu mwenyewe, mabomba sitini kwa mwezi kwa nyumba moja tu. Dokta anakuandikia insulini, duka la dawa linakuuzia mabomba, wanakufundisha uchome tumboni au pajani, wanakwambia chupa ambayo hujafungua ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, yote hayo utaambiwa, ila hakuna anayekwambia bomba likishatumika liende wapi. Gari la taka linaishia barabarani huko chini, huku juu ni ngazi za mawe na vichochoro, kwahiyo kila mtu na akili yake. Mama yeye alikuwa anajaza kwenye kopo la maziwa ya unga analifunga na kulificha juu ya kabati, makopo yakawa yanaongezeka tu mpaka kabati likawa la sindano. Huyo ni mwenye busara. Wapo wanaotumbukiza kwenye choo cha shimo, afu masika ikifika mnajua wenyewe kuna watu wanatapisha vyoo na mvua, vyote vinashuka na mifereji mpaka mto Mirongo, na Mirongo haina pa kwenda zaidi ya ziwani. Sisemi sindano ya jirani itatokea kwenye bomba lako, maji ya pale Capri Point yanatibiwa kabla hayajakufikia, nasema watoto wanaogelea na kuvua hukohuko mto unakoingilia na wanaookota makopo wanatia mikono kwenye hizo taka bila kitu chochote.

Na hapa ndo hawa vijana walinishika. Binti mmoja wa fildi alikuja nyumbani, akamsalimia mama "mwangaluka mayu", mama akafurahi hapohapo, akamkaribisha na chai, akaanza kumuelekeza taratibu bila kumtisha. Kwamba sindano ikitoka mwilini inaingia kwenye boksi papohapo, usirudishie kifuniko chake, maana watu wengi wanajichoma kidole pale wanapojaribu kurudishia. Kwamba boksi likifika robo tatu unafunga, usisubiri lishindiliwe. Mama akamuuliza "sasa mwanangu na mimi sina ugonjwa mwingine, sindano yangu ina shida gani?" Binti akamjibu "mama shikamoo tena, mimi nakuamini, ila anayeiokota kule chini hakujui." Mama akacheka mpaka basi.

Afu akatupa namba ambazo mi sikuwa nazo. Kwa makadirio ya WHO, yani Shirika la Afya Duniani, ukichomwa na sindano iliyotumika kwa mtu mwenye homa ya ini B na wewe hujachanja, uwezekano wa kuipata unafika asilimia 30, homa ya ini C ni kama asilimia 1.8, VVU ni asilimia 0.3. Yani sisi wote tunaogopa hiyo ya mwisho, kumbe ile ya kwanza ndo inayochapa kwelikweli na ndo yenye chanjo. Akasema pia ikitokea mtu kachomwa aoshe kwa maji na sabuni akimbie kituoni siku hiyohiyo, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Haya yote kayasema akiwa ameshika kikombe cha chai, hana hata karatasi.

Jirani yetu mwenye pumu akachungulia kuuliza na yeye ile pampu yake ikiisha inaingia humo? Akaambiwa hapana, ile ina gesi ya presha ndani, ukiitupia motoni inapasuka, iweke pembeni tutaichukua peke yake. Na gesi yenyewe ile inayosukuma dawa, kijana mwingine akadakia, inapasha joto hewa zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ukaa ukilinganisha kilo kwa kilo. Jirani akaanza kuiangalia pampu yake vibaya, ikabidi aambiwe haraka haraka asije akaacha dawa, we tumia kama ulivyoandikiwa, kinachotakiwa ni ganda tu lisitupwe ovyo. Nikapenda hiyo. Kuna watu wakishajifunza mazingira wanaanza kumuonea mgonjwa, hawa hapana.

Mi ni mtu wa kufuatilia, boksi la kwanza lilipojaa nikalishusha mwenyewe nikaomba nione linaenda wapi, maana mjini hapa unaweza ukatenganisha taka zako vizuri afu mwisho wa siku zote zikamwagwa shimo moja. Wakanipeleka nyuma ya zahanati. Kuna ndoo za rangi, nyeusi ni taka za kawaida, njano ni za maambukizi kama pamba na bandeji zenye damu, nyekundu ni zile za hatari zaidi, na maboksi ya sindano yako kwenye kibanda chenye kufuli, ufunguo anao kijana mmoja na nesi mmoja. Shimo walilokuwa wanachomea zamani limefukiwa. Watu wa pale nyuma wanakumbuka ule moshi, plastiki za dripu na glovu zinachomwa wazi jioni, nyumba nzima inanuka, na nguo kwenye kamba zinashika masizi. Shida siyo harufu peke yake, plastiki zenye klorini zikichomwa kwa moto hafifu zinatoa sumu zinazoitwa dayoksini, hizo ni kati ya sumu zilizopigwa vita kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa sumu zisizoisha haraka, tangu 2001, zinakaa kwenye mafuta ya wanyama na samaki na haziondoki leo wala kesho. Tanuri la maana linatakiwa lifike nyuzi 850 kwenda juu na liwe na vyumba viwili. Zahanati ya vyumba vinne haina tanuri la hivo na haiwezi kulijenga, kwahiyo wameingia makubaliano na hospitali kubwa yenye tanuri lake, maboksi yanapelekwa huko na karatasi ya kupokelewa inarudi. Nilionyeshwa faili. Karatasi zimesainiwa, zina mihuri, ziko kwenye mpangilio.

Ila kitu kilichonifanya niandike yote haya ni nilichokikuta kwenye ubao wa ofisi. Kumbe hawa vijana hawakuanza na sindano. Walianza na mizani ya kupimia mchele. Kila jioni walikuwa wanapima ndoo, wanaandika, wiki baada ya wiki, afu wakaenda kwa mwenye zahanati wakamuonyesha kwamba ndoo ya njano imejaa maganda ya ndizi, chupa za maji na maboksi ya dawa. WHO wanasema karibu asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida kabisa kama za nyumbani, zile za hatari ni 15 hivi, ila ukizichanganya zote zinageuka za hatari na unalipia kuzichoma zote. Mwenye zahanati hajali sana mambo ya tabianchi, ni mfanyabiashara bana, lakini kuchoma maganda ya ndizi kwa hela yake hilo alilielewa bila mkalimani. Siku hiyohiyo akawaambia waje kwenye kikao cha manunuzi.

Na hapo ndo pa kujifunza kwa wengine wote, kikao cha manunuzi. Nimeshaona sehemu nyingine hapahapa mkoani, siitaji, kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, vijana wanaitwa, wanapewa tisheti na fagio, wanapigwa picha na mgeni rasmi, wanakula pilau, kesho yake moshi unaendelea kama kawaida maana hakuna kijana aliyeulizwa kituo kinanunua nini. Sasa taka zinaanzia kwenye oda. Ukishanunua ndo ushatengeneza taka, kufagia ni baadaye. Hawa wa Mabatini wanakaa wawili kwenye kikao kila mwezi na wana ruhusa ya kuuliza hiki cha nini.

Waliuliza kuhusu vipimajoto vya zebaki, wakasema nchi yetu imeshasaini Mkataba wa Minamata, ule wa 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki, na Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini watu wakala samaki wakaugua mishipa ya fahamu, watoto wakazaliwa na ulemavu. Sasa mwambie mtu wa Mwanza habari ya sumu kwenye samaki uone kama hatakusikiliza. Vipimajoto vikabadilishwa vya betri, na kijana mmoja kwenye hichohicho kikao akauliza sasa betri zikiisha tunatupa wapi, kikaongezwa kikopo cha betri. Kikopo kipo, nimekiona, kimeanza kujaa, na hakuna anayejua kwa uhakika kitaenda wapi kikijaa, wenyewe walinijibu hivo bila kona kona.

Waliuliza kuhusu glovu pia na hapa kulikuwa na vita. Kuna nesi wa siku nyingi pale, mama mtu mzima, tunamheshimu, kachoma sindano mtaa mzima tangu sisi watoto, yeye glovu anavaa kwa kila kitu mpaka kuandika kwenye daftari. Vijana wakaleta mwongozo wa WHO unaosema sindano ya kawaida ya msuli au chini ya ngozi kama ngozi ya mgonjwa haina kidonda glovu si lazima, cha lazima ni kunawa mikono. Wakaleta na mfano wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street kule London, walianza kampeni ya kupunguza glovu zisizohitajika 2018, ndani ya mwaka wakaokoa tani 21 za plastiki. Nesi akawaambia "London wana maji kila saa, nyie hapa bomba likikata mtanawa na mate?" Aisee. Na alikuwa na hoja. Kwahiyo hawakumshinda, walichofanya ni kwenda kudai kwanza tanki la maji na ndoo za kunawia zenye koki kila chumba, vilipokuja ndo glovu zikaanza kupungua, na yeye mwenyewe nesi ndo sasa anawakemea wengine. Wangeanza kwa kubandika bango ukutani wangefeli siku ya kwanza.

Najua kuna atakayesema sisi waafrika hewa tunayochafua ni kidogo, tuwaachie wazungu wenyewe. Ni kweli kabisa, kuna ripoti ya 2019 ya Health Care Without Harm, shirika la kimataifa linalohusika na afya na mazingira, inayosema sekta ya afya duniani inatoa kama asilimia 4.4 ya hewa chafu yote, ingekuwa nchi ingekuwa ya tano kwa uchafuzi, na sehemu kubwa ya hiyo ni Marekani, China na Ulaya, siyo zahanati ya Mabatini. Mi mwenyewe hiyo hoja ya hewa ukaa hainiingii sana. Ila moshi wa shimo la nyuma haukuwa wa Marekani, na mto Mirongo ni wa kwetu. Kwa hiyo hata uitoe tabianchi yote kwenye mjadala bado kazi ya hawa watoto inabaki na maana.

Haya, lawama sasa.

Kubwa kuliko zote, hawalipwi. Wanapata nauli na chai, wa fildi wanaondoka fildi ikiisha, wa mtaani ndo wanabaki na ndo wanaobeba maboksi kwenye ngazi za mawe. Nikauliza mmechanjwa homa ya ini B nyote? Kimya. Kumbe wa vyuo wamechanjwa, wa mtaani baadhi wamepata dozi ya kwanza tu na zile nyingine bado, wakati chanjo yenyewe kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Hii haikubaliki. Huwezi kumpa mtoto wa watu boksi la sindano za mtaa mzima mgongoni afu chanjo useme tunasubiri bajeti, na kwenye kikao hichohicho mmenunua mabango. Nilimwambia mwenye zahanati uso kwa uso, akasema "mdogo wangu, tunalifanyia kazi". Nyota yangu nimeibania hapo na siirudishi mpaka wote wawe na kadi zenye dozi tatu. Na mabuti pia, kuna kijana nilimkuta na kandambili.

Lawama ya pili ni ndogo, mihadhara kwenye foleni. Asubuhi watu wako benchi wanasubiri daktari, kijana anasimama anaanza kuelezea tabaka la ozoni, kuna mama amebeba mtoto ana homa inawaka, sasa huyo ozoni ya nini saa hiyo? Elimu yao ya nyumbani ni nzuri mara kumi kwa sababu wanasikiliza kwanza, ile ya benchini wameikariri. Wapunguze, au wawaachie wale wa mtaani waongee, hao angalau wanajua lini watu wamechoka.

Maboksi nayo huwa yanawaishia. Yakiisha wanakwambia tumia dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, la sabuni ya maji kwa mfano, uandike kwa maka peni "SINDANO", na hilo ni sawa kabisa kiusalama mradi lisiwe chupa ya maji ya kunywa maana hiyo sindano inatoboa na mtoto anaweza kuinywea. Ila basi watume meseji mapema, siyo mtu anashuka ngazi zote zile na magoti yake anaambiwa hakuna. Na mvua kubwa zikianza usiwategemee kupanda, njia zinateleza na hata mi sitaki wapande.

Dawa zilizoisha muda wanapokea pia, vidonge tu na vitoke kwenye maboksi yake, dawa za maji bado hawana utaratibu nazo. Wakati wa kupokea wanaandika aina na idadi kwenye daftari, unasaini. Hii mi nimeipenda kwa sababu kuna wajanja wa mjini wanaorudisha dawa kama hizo sokoni, ukiona zimehesabiwa mbele yako unalala.

Kwa mtu wa nje ya Mabatini, huna haja ya kujiandikisha pale kama mgonjwa, mi nimeona mzee katoka Igoma na daladala na boksi lake kwenye kikapu wakampokea. Ila kama unatoka mbali kama Sengerema au Magu usisafiri na masindano kwenye basi, waulize kwanza kwenye kituo chako cha afya hukohuko kama wanapokea za nyumbani, vingi vina sefti boksi tayari na ukiomba vizuri muhusika anaweza akakubali. Jumamosi ndo siku yao ya kupanda mlimani, kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana, siku nyingine unashusha mwenyewe dirisha la pembeni, siyo mapokezi, ukipanga foleni ya mapokezi utakaa hapo na wagonjwa bure. Beba buku yako iwe chenji, dirishani huwa hawana ya kukurudishia.